Kufumua

Sweta ile ilikuwa ya mtu wa Ulaya.
Kwenye ukosi bado ina herufi mbili, uzi mwekundu,
mama yake labda, au dobi.
Shangazi Nsimire haulizi. Anatafuta tu
pale mfumaji alipofunga fundo la mwisho,
kwapani, karibu kila mara kwapani,
anauma, anavuta,
na sweta nzima inaanza kukiri.

Ndiyo kazi yetu, Kadutu, ngazi ya tatu kutoka bombani.
Mitumba iliyotoboka tunaifumua,
uzi tunauosha kwa maji ya moto
na kuuanika ukiwa na jiwe chini,
maana sufu ina kinyongo:
usipoinyoosha itajikunja vilevile
kwa umbo la yule mwingine.

Jumanne ilinyesha, matope yakatufuata hadi mkekani.
Nilikuwa na mtihani wa Kiingereza.
Nikasoma kwa sauti kamusi isiyo na jalada,
yeye akizungusha donge,
nikafika kwenye neno spinsta.
Mwanamke ambaye hajaolewa
na ambaye hatazamiwi kuolewa tena.

Nikanyamaza. Limeshatoka.

Hapa mtaani humwita selibateri
wakiwa na heshima. Wasipokuwa nayo
husema, ana mikono mizuri, maskini.

"Endelea," akasema. "Limetoka wapi hilo?"
Huuliza hivyo kuhusu nyanya pia,
na kuhusu fedha za binamu yangu Murhula.

Limetoka kwenye kusokota, nikamwambia.
Zamani kwao msokota nyuzi alikuwa msokota nyuzi,
kama mfinyanzi, kama fundi baiskeli,
na kile kimkia cha neno kilikuwa cha wanawake.
Karani aliandika jina la mtu,
kisha kazi ya mikono yake.
Halafu karani mmoja, au mia, sijui,
kila alipoona mwanamke hana mume
akaandika msokota nyuzi,
kwa kuwa asiye na mume alikula kwa uzi wake.
Miaka ikapita juu ya daftari.
Uzi ukaisha ndani ya neno,
likabaki pengo la mume.

Donge likasimama.
"Kwa hiyo walifuta mkono," akasema,
"wakaacha kidole kisicho na pete."

Nje mtu aliteleza ngazini, akatukana, akaendelea.

"Mwaka ule ng'ombe wa Ruhamya
walipopanda kwetu na kushuka tena,
nilifuma sweta themanini za shule.
Themanini. Bluu.
Andika hilo kwenye kamusi yako."
Sikuwahi kusikia habari za ng'ombe hao
wala sijazisikia tena.

Kisha, "Na sisi je? Letu liko wapi?"
Nikatafuta kichwani, nikampa mfumo:
mfumo wa benki, mfumo wa serikali, mfumo wa umeme,
yote hiyo mizizi yake ni kufuma.
Akacheka mpaka sindano ikaanguka.
"Basi aliyefuma umeme wa Bukavu
aliacha vitanzi vingi njiani!"
Na kweli taa ilikuwa imezimika tangu saa kumi na mbili,
tulikuwa tunasoma kwa simu.

Kwenye mtihani neno likaja, swali la tisa.
Niliyajua majibu yote mawili.
Nikaandika: mtu anayeishi kwa kusokota nyuzi.
Mwalimu Bisimwa akatia msalaba mwekundu,
akaukandamiza hadi karatasi ikatoboka kidogo.

Nilimpelekea Shangazi. Hasomi Kiingereza.
Akaisogeza karatasi dirishani,
akapitisha ukucha juu ya ile alama,
mstari mmoja, kisha ule uliolala juu yake.
"Huu ni mshono," akasema,
"ila amefunga vibaya."
Akageuza karatasi upande wa nyuma
kutafuta ncha.